Uzi wa Mama Pacha

Nyumbani kwetu Lodwar siri haifiki chai ya saa nne. Kipele kilipochipuka kwenye kovu la mke wangu, upande wa kushoto, waliokijua kabla yangu walikuwa binti yetu Wakili, mama mkwe wangu, shemeji Probox, abiria wote waliosafiri na Probox kwenda Kakuma asubuhi ile, na Mama Bukavu, fundi cherehani wa kule kambini. Mimi nilikuwa shuleni nasimamia mtihani. Niliporudi jioni nikamkuta jirani langoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole. Nikaipokea. Ukishakuwa na familia kubwa unapokea pole kwanza, sababu yake utaisikia ndani.

Wewe mwenzangu mwenye mke, watoto na wakwe, sogea tuongee. Kisa chenyewe kinahusu kipande cha uzi ambacho kingepotea kwenye kiganja chako, lakini huwezi kukielewa bila kuwajua watu wa boma hili.

Mke wangu ni Mama Pacha. Anauza vitenge, mashuka na mapazia Kakuma, safari ya kilomita kama 120 kutoka hapa, kwenye barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Huondoka Jumatatu na marobota yake, hurudi katikati ya wiki sauti ikiwa imekauka kwa vumbi na pesa zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya leso. Anayembeba ni mdogo wake, ambaye jina lake la ubatizo limebaki kwenye leseni tu. Mji mzima humwita Probox kwa sababu ya gari lake, naye huitika. Kifungua mimba wetu ni Wakili, ana miaka kumi na miwili na sijaona kesi aliyoshindwa ndani ya nyumba hii. Anafuata Nyundo, ambaye kitu kizima kikiingia mkononi mwake hakikai kizima. Kisha pacha, Saa Nane na Saa Tisa, waliopata majina hayo wakiwa wachanga kwa saa walizochagua kuamka usiku, kila mmoja na zamu yake. Wana miaka sita sasa na majina hayajawatoka.

Halafu kuna mama mkwe. Sote tunamwita Ata, kama watoto wa Kiturkana wanavyomwita bibi yao. Mimi ni Mluhya wa pande za Kitale, na kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Hata wazee waliozoea mji wanaliheshimu hilo. Nilimweleza Ata kwa adabu zote alipokuja kuwalea pacha. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaita wanawake wawili wa ukoo wake, wakakata matawi, na kabla jua halijazama alikuwa na kibanda chake cha makuti ya mkoma uani, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Halali kwangu. Anatawala tu kutoka pale, na kila sufuria inayofunikuliwa jikoni yeye anajua ina nini.

Sasa nije kwenye tumbo. Nalisema wazi kwa sababu nimeyasikia mengi sokoni: mke wangu hakwenda kupasuliwa ili apendeze tu, na hata kama angekwenda kwa hilo, tumbo ni lake. Pacha walizaliwa wazito. Misuli miwili mirefu inayoshuka katikati ya tumbo, kutoka mbavuni hadi chini ya kitovu, ilikuwa imeachana wakati wa mimba. Hilo huwapata wanawake wengi, na kwa wengi mwanya huziba wenyewe katika miezi ya kwanza, au kwa mazoezi. Kwake haukuziba. Mtaalamu wa viungo alimlaza chali, akamwambia ainue kichwa, akazamisha vidole vitatu kwenye mwanya ule bila taabu. Juu ya hayo alikuwa na henia ndogo ya kitovu. Akitaka kuinuka kitandani, tuta refu lilijitokeza katikati ya tumbo, na ilimbidi ageuke ubavu kwanza ndipo asukume godoro kwa mkono. Mgongo ulimuuma. Mtungi wa lita ishirini ulimshinda, yeye aliyekuwa akiubeba huku akiongea na simu.

Na watu walimuuliza mimba ina miezi mingapi. Kanisani mama mmoja alimwekea mkono tumboni akamwombea ajifungue salama. Mke wangu akasema amina, kwa sababu maombi hayakatizwi, akaja kulia nyumbani bafuni huku mfereji ukiwa wazi. Nilimsikia. Tangu siku ile mtu akiniletea neno urembo kuhusu mke wangu, namwacha na kikombe chake cha chai.

Pesa zilitoka kwenye chama cha akina mama na kwenye vitenge, maana bima haitaki kusikia habari za kukaza tumbo. Kazi ya kuchagua daktari aliichukua Wakili. Alikuwa amesoma habari za mwaka 2024 za mwanamke aliyefariki baada ya upasuaji wa kubadilisha umbo Nairobi, na akatamka mezani kwamba mama yake hatakatwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye sajili ya Baraza la Madaktari. Akalitafuta jina kwenye simu yangu, akalikuta, akakagua kama leseni ni ya mwaka huo na kama ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbo, akaenda kuchapisha ukurasa ule kwa mwenye duka la intaneti na kuubandika kwenye jokofu. Nilimpenda sana mtoto yule siku hiyo, ingawa alinidai pesa za kuchapisha na za juisi.

Upasuaji wenyewe Mama Pacha alitueleza mara kadhaa, akitumia foronya ya mto. Ngozi inakatwa kwa chini, kutoka nyonga hadi nyonga, pale ambapo nguo ya ndani inafunika. Inainuliwa hadi karibu na mbavu. Misuli iliyoachana inavutwa na kushonwa pamoja katikati, toka juu hadi chini. Kitovu kinaachwa kwenye shina lake, ngozi inavutwa kushuka, na kitovu kinatobolewa dirisha jipya. Ngozi iliyozidi inakatwa, halafu yote yanafungwa kwa tabaka. Nyundo akauliza lile tundu la zamani la kitovu lilipelekwa wapi. Likakatwa pamoja na ile ngozi, akajibiwa, na akanyamaza kwa muda ambao sijawahi kuuona tena.

Hizo tabaka zikumbuke, kwa sababu kisa chote kimo humo. Kwenye misuli daktari hutumia uzi mgumu. Mwingine hauyeyuki maisha yote, mwingine huyeyuka polepole kwa miezi mingi. Juu yake, kwenye mafuta na chini ya ngozi, kuna nyuzi ambazo mwili huziyeyusha wenyewe kwa maji yake katika wiki au miezi. Mtu huondoka hospitalini akionekana ameshonwa mshono mmoja mwembamba, kumbe ndani amebeba mafundo mengi yasiyoonekana.

Mama Pacha alirudi kutoka Nairobi kwa ndege, maana barabara ya Kitale hadi Lodwar si ya mtu mwenye mshono mbichi, hata baada ya lami. Mipira ya kutolea maji ilikuwa imeshatolewa Nairobi. Alikuja amevaa mkanda wa kubana tumbo aliotakiwa kukaa nao mchana na usiku kwa wiki sita, katika mji ambao saa tisa alasiri hata mbuzi hutafuta kivuli cha ukuta. Ata aliutazama mkanda ule akasema binadamu hafungwi namna hiyo kwenye jua hili. Kila asubuhi alileta upepeo wa ukindu na kukaa kando ya kitanda kumpepea binti yake, akilaani mkanda, daktari, Nairobi na mimi, kwa mpangilio huo. Mkono wake haukusimama. Nimemwona akipepea hadi anasinzia na upepeo unaendelea.

Mkanda ukavuliwa, kovu likakauka, likawa mstari mweusi mwembamba. Mama Pacha aliinuka kitandani asubuhi moja bila kugeuka ubavu, akasimama, akacheka peke yake. Akarudi Kakuma. Ndipo, ikikaribia nusu mwaka, kikaja kipele.

Ata ndiye aliyekiona wa kwanza, na hofu iliyompata usiidharau. Yeye mwenyewe alipasuliwa tumbo miaka ya 1980. Zama hizo Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani na ugonjwa wa mnyoo wa mbwa. Mnyoo huishi kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, mtu akiyameza yanageuka mifuko ya maji iliyojaa ndani ya ini au mapafu. Wanawake na watoto waliumia zaidi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa karibu na mbwa siku nzima. Matumbo yalivimba hadi mtu hawezi kuchota maji. Shirika la AMREF lilianzisha mpango wake huku mwaka 1983, madaktari wakaletwa kwa ndege, watu wakapasuliwa na kutolewa maji kwa beseni. Ata ana kovu la kusimama, nene, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Kwa hiyo aliposhika kile kipele cha binti yake kwa kidole gumba, kikawa kigumu na cha moto, alitoka nje bila kusema neno, akachukua fimbo na kumfukuza mbwa wetu, Gavana, hadi ng'ambo ya mto Kawalase.

Nyundo akamfuata Gavana. Saa Nane na Saa Tisa wakamfuata Nyundo. Nilikaribia kupiga ripoti polisi. Walirudi na Probox usiku, mbwa akiwa kwenye buti chini ya robota la mapazia, na tangu hapo Gavana aliishi mafichoni kwenye chumba cha wavulana, akilishwa mabaki ya ugali. Kila alipobweka, Saa Tisa alikohoa kwa nguvu kumfunika.

Nilimwendea Ata kibandani na kiti changu. Nikamwambia mnyoo wa mbwa hauoti kwenye mshono wa ngozi, hukaa ndani kabisa, na binti yake alipigwa picha ya tumbo kabla ya upasuaji, ini likaonekana safi. Nikamwambia pia jambo ambalo naona kila mtu wa Turkana angepaswa kulijua: wale madaktari warukao waliomwokoa yeye, shirika lao lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji huu huu wa kurekebisha ngozi na maumbo. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Kazi iliyoshona tumbo la Mama Pacha na kazi iliyomletea yeye ndege jangwani zimetoka kwenye mikono ya aina moja. Ata akafikiri. Akasema, "Basi waambie waje tena, hii hawajamaliza."

Huku nyuma kila mtu alikuwa na dawa. Probox alileta mafuta ya kupaka kutoka soko la kambini, kwenye kichupa kisicho na jina. Jirani alileta mshubiri. Kaka yake Ata, Mjomba Rada, ambaye ukoo unamtegemea kusoma utumbo wa mbuzi kabla ya safari au kuhama, alitaka mbuzi. Dukani tukauziwa vidonge vya kuua vijidudu, kipele kikanywea, sote tukashangilia, na vidonge vilipokwisha kikarudi pale pale. Baadaye tulielezwa kwa nini. Vijidudu vikishagandia kwenye uzi, dawa inaua vile vinavyoelea tu. Vilivyoshika uzi vinabaki, na uzi ukiwa bado upo, kidonda kitajifunga na kujifungua hadi kikuchoshe.

Aliyepatia ni Mama Bukavu. Huyu alikimbia vita Kongo, akaishia Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya Wasudani na ambayo sasa ni mji wa watu wa mataifa mengi. Ana cherehani ya miguu chini ya mwavuli wa bati na ndiye mteja wa kwanza wa vitenge vya mke wangu. Mama Pacha alimwonyesha nyuma ya pazia. Akavaa miwani, akainama, akatazama kwa utulivu wa mtu anayekagua pindo. "Mama, hii ni fundo," akasema. "Fundo ikibakia juu sana, itachokora ngozi mpaka itoke." Mke wangu akamwomba aitoe. Akakataa kabisa, akaficha na sindano zake. "Mimi nashona nguo. Mtu hapana."

Nilitamani busara hiyo ingefika Lodwar kabla ya chakula cha jioni cha Alhamisi ile. Tulikuwa tunakula, Mama Pacha akajinyoosha kuchukua bakuli la mboga, ukingo wa meza ukagusa pale. Kipele kikapasuka. Usaha kidogo, damu kidogo, gauni likaloa. Wakili akaleta tochi ya simu. Na katikati ya kitundu kile, pembeni ya kovu, ikachungulia ncha ya uzi. Ilikuwa ya zambarau. Nimeitazama kwa karibu na sitaisahau: zambarau iliyokolea, nyembamba, imesimama wima milimita chache juu ya ngozi ya mke wangu, imekatwa mraba mwishoni. Nyuzi nyingi zinazoyeyuka hutiwa rangi hiyo kiwandani ili mpasuaji azione vizuri ndani ya damu.

Ndani ya dakika tano nyumba ilijaa. Nyundo alikuja na koleo la fundi wa umeme. Probox alipendekeza pamba na petroli. Gavana alitoka chumbani, Ata akamwona, Ata akamwacha, kwa maana alikuwa mbioni kwenda kibandani kuleta kibano chake.

Kibano cha Ata kina heshima yake. Mathenge umejaa kila mahali Turkana, mwiba wake hutoboa kandambili hadi mguuni, na kwa miaka mingi mtaa huu umeletea miguu yake mlangoni kwa Ata. Anajua mwiba umeingia upande gani kwa kupapasa tu. Akasema uzi ule ni mwiba: kitu kigeni kimeingia nyamani, nyama imekikataa, inakisukuma nje. Na hapo, wallahi, alikuwa amesema sawasawa na daktari. Mwili humeza taratibu uzi unaoweza kuumeza, na ule unaoushinda, hasa fundo lake, maana fundo ndilo lenye uzi mwingi mahali pamoja, huuzungushia ukuta wa nyama nyekundu au huusukumia juu. Fundo likiwa karibu na ngozi, au likisuguliwa na mshipi wa sketi kila siku, linatafuta mlango. Huja wiki chache baada ya upasuaji, huja miezi mingi baadaye, na kwa nyuzi zisizoyeyuka huweza kuja hata baada ya miaka.

Tofauti na mwiba ni moja, na ndiyo iliyonifanya nisimame mbele ya mama mkwe wangu mikono nimeinyoosha. Mwiba uko peke yake. Uzi umeshika. Ukiuvuta unaweza kukatikia ndani ukaacha fundo lenye vijidudu, au ukafungua njia hadi tabaka za chini, au ukauvuta mshono ambao bado unafanya kazi.

"Ata, tafadhali, mama yangu," nilimwambia, "kibano hiki leo kipumzike."

Mama Pacha akatumaliza wote. Alikuwa ameketi, gauni limeloa, tochi inammulika tumboni, watu wanane na mbwa wanamzunguka. Akasema kwa sauti ya chini ile tunayoiogopa, "Asiniguse mtu." Akapiga picha yeye mwenyewe, akamtumia daktari wake Nairobi, akarudi kumalizia ugali. Daktari akajibu usiku ule: oga kwa sabuni na maji safi, weka gozi safi, usivute, usikate, na kesho uonwe na mpasuaji aliye karibu. Lakini kukija homa, wekundu unaotambaa kutoka kwenye kidonda, uvimbe mgumu au usaha mwingi, usingoje kesho. Wakili akaandika hayo kwa kalamu nyekundu na kuyabandika kwenye jokofu, chini ya leseni.

Asubuhi tulikwenda hospitali ya rufaa hapa Lodwar. Nilisema naenda na mke wangu. Nilipoangalia nyuma gari lilikuwa limejaa. Daktari kijana, mtulivu, aliwaruhusu wawili kuingia, na waliochaguliwa na umati ni Ata na Wakili. Mimi nilikaa kwenye benchi na pacha. Walivyonisimulia, alichoma sindano ya ganzi, akapanua kitundu kidogo, akaingiza koleo nyembamba, akainua fundo, akalikata kwa chini na kulitoa zima. Akakwangua nyama nyekundu iliyolizunguka, akasafisha, akaacha kidonda wazi kijifunge kutoka ndani. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kipindi kimoja darasani. Akachukua pia usaha kwa kijiti upelekwe maabara, na hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye kidonda cha mshono kisichopona: kuna vijidudu vya ukoo wa kifua kikuu, vinavyokaa majini na udongoni, ambavyo huingia kwenye majeraha ya upasuaji wa namna hii, havisikii dawa za kawaida, na hutibiwa kwa miezi. Majibu yetu yalirudi na vijidudu vya kawaida vya ngozi. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado nimeshika ile karatasi.

Ata aliomba uzi. Daktari akamfungia kwenye kipande cha gozi. Aliufikisha kwa Mjomba Rada, ambaye aliugeuza juani na kuuliza umetengenezwa na nini. Nikamwambia huu ni wa kiwandani, lakini kwa karne nyingi kabla yake madaktari walishona watu kwa nyuzi zilizosokotwa kutoka utumbo wa kondoo na mbuzi, na mwili uliziyeyusha. Mzee alikaa kimya akiutazama uzi ule, kisha akanishika bega. Ni mara ya kwanza tangu nioe huku kunishika bega.

Pale kushoto pakapona. Tukalala vizuri. Halafu, mvua zilipokaribia, kikaja kingine, chini kidogo ya kitovu, na hiki kilikuwa cha ndani zaidi. Kilitoa maji, kikafunga, kikatoa tena. Daktari wa hapa akapiga picha, akaona njia nyembamba inayoshuka hadi kwenye misuli, akasema huenda huu ni uzi usioyeyuka, mmoja wa zile nyuzi zilizounganisha misuli, na ni vizuri autoe aliyeuweka. Usiku ule Mama Pacha hakulala. Hofu yake ilikuwa kwamba mshono mmoja ukitoka, misuli itaachana tena na kila kitu kitakuwa bure. Tulikaa nje kwenye mkeka hadi alfajiri, hewa ikiwa imepoa kidogo. Nilikuwa nimeuliza tayari, nikamwambia nilivyoambiwa: baada ya miezi yote hii kinachoshika misuli ni kovu lenyewe lililoota kati yake, uzi umeshamaliza kazi yake kubwa. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Nairobi wakautoa, pamoja na ile njia yote. Misuli ilibaki ilipo. Daktari akatuambia ukweli kwamba huenda uzi mwingine ukachungulia siku moja, na ukichungulia tutajua cha kufanya, ila kwa sasa asibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa. Gavana amerudishiwa uraia, kwa sharti la Ata kwamba apewe dawa ya minyoo kwa ratiba na matumbo ya mbuzi anayechinjwa yazikwe, sharti ambalo watu wa mpango wa 1983 wangelipigia makofi.

Lililobaki ni hilo la kutobeba. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilimtuma Wakili Kakuma na mama yake awe mkaguzi wa mizigo, na kila jioni aniletee ripoti kwa simu: robota gani, nani kabeba. Siku za mwanzo ripoti zilikuja zimenyooka, na saa zake. Kisha zikafupika. Kisha kikaja kimya, na Nyundo, ambaye habari humfikia kwa njia zake, akaniambia kwamba mama humpeleka Wakili kula injera kwa Wahabeshi wa kambini kila mchana, sahani kubwa, na soda.

Nikapiga simu. Akapokea Probox. Nikamuuliza dada yake yuko wapi.

"Yuko juu ya keria, shemeji," akasema. "Anasema sisi hatujui kupanga."